Barua kwa Mtoaji wa Unga

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Msimamizi hakunionyesha kiti. Alinionyesha kabati la mafaili, akanikabidhi rundo la fomu za samawati na kusema, "Karani, hapa mtu anaweza kukosa pesa. Ukweli hawezi kukosa." Nilikuwa nimetoka Kisumu juzi yake, nimevaa sketi ya kuazima, na baridi ya Eldoret ilikuwa imenishika hadi kwenye meno.

Nyinyi vijana wa kompyuta mtaniwia radhi nikieleza. Afisi yetu ilisimamia mapatano ya madeni. Mtu aliyelemewa na wadai alikwenda kortini, akapangiwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi kupitia kwetu, na muda wote huo hakuna mdai aliyeruhusiwa kumgongea mlango. Sharti lilikuwa moja. Chochote kilichomwangukia mkononi, iwe zawadi, urithi au bahati nasibu, alikuja kukitangaza kabla wiki haijaisha. Fomu ya samawati ilikuwa ya kazi hiyo, tukaiita tamko. Ilikuwa na nafasi tatu: kitu, thamani, mtoaji. Ukiacha nafasi wazi fomu haikubaliki, na aliyeficha hata kuku mapatano yake yalivunjika, mali ikapigwa mnada.

Watu waliliogopa sharti hilo kupita kiasi. Mwalimu mmoja wa kule Plateau alitangaza mbuzi wa wakwe, kisha akarudi kutangaza kwamba mbuzi amezaa. Niliandika yote mawili bila kucheka, kwa sababu Bwana Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mzee Wafula alikuwa fundi wa nguo kule Langas. Alikopa vitambaa, duka likamfia mikononi, na kitu pekee kilichobaki cha kupigwa mnada ni cherehani yake. Watoto watano walikula kutokana na cherehani hiyo. Mwezi wa kwanza alikuja na tamko: gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili, ya unga wa wimbi, ameikuta mlangoni asubuhi. Nikamuuliza mtoaji. Akasema ni kaka yake Barasa, mwenye mashine ya kusaga kule Cheptiret. Alikuwa ameuleta ule unga tuuone, nami nikatia kidole. Ulikuwa na joto, kana kwamba umetoka mashineni sasa hivi.

Mwezi wa pili, vilevile. Mwezi wa tatu nikamtania kwamba huyo kaka ana haya gani, mbona haji kusalimia. Mzee Wafula alivua kofia.

"Mwanangu, Barasa tulimzika mwaka juzi. Lakini mkono wake naujua. Hakuna mtu mwingine husaga wimbi laini hivyo."

Nilifungua faili lake. Tayari nilikuwa nimeandika jina la marehemu katika fomu mbili zenye muhuri wa serikali. Ningemwambia mapema aandike "msamaria", au jirani yeyote, ingepita. Lakini nilikuwa mgeni wa kazi, na nafasi wazi niliiogopa kuliko uongo, nikaandika Barasa mara ya tatu.

Bwana Msimamizi alisoma fomu zote tatu polepole. Siku hizo picha ya Rais ilitutazama ukutani na kuta zilikuwa na masikio. Yeye hakupenda jambo lolote lisilo na karatasi yake. Hakupaza sauti.

"Sheria iko wazi. Mtoaji anaandikiwa barua ya kuthibitisha. Siku kumi na nne zikiisha bila jibu, tamko ni la uongo, na hiyo cherehani inaenda mnada."

Basi nikapiga taipu barua kwa maiti. "Bwana Barasa, tafadhali thibitisha kwa sahihi au kidole." Tarishi wetu aliipeleka Cheptiret kwa baiskeli, akarudi akisema mashine imefungwa, kufuli imeshika kutu, nyasi zimefika kiunoni. Aliisukuma barua chini ya mlango. Zile siku kumi na nne sikulala vizuri. Niliona watoto watano na mimi ndiye niliyewafikisha hapo.

Siku ya mwisho tarishi alitumwa tena. Alirudi adhuhuri, akaweka barua mezani, akatoka nje bila kungoja chai yake. Alisema aliikuta imesukumwa nje, kufuli ileile haijaguswa. Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya dole gumba, na haikuwa ya wino. Ilikuwa ya unga.

Bwana Msimamizi aliipeleka dirishani, akaipuliza. Unga haukutoka. Akaigusa kwa kidole kimoja, akauondoa mkono haraka, nikajua amehisi nilichohisi mimi siku ile.

"Imethibitishwa," akasema. "Weka kwa faili. Na usiniambie kitu."

Mzee Wafula alilipa hadi senti ya mwisho, cherehani ikabaki kwake. Mwezi aliomaliza deni, unga ulikoma. Mimi nilihamishiwa Kitale chini ya Naibu Msajili aliyependa wino mwekundu, kisha Kakamega, kisha nikarudishwa Eldoret kumalizia. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani. Mzee Wafula alikuja na futi yake shingoni, akanipima mabega mbele ya watu, akasema namdai gauni la shukrani. Alifariki kabla hajakata kitambaa, na kibanda chake cha kushonea kikapigiliwa mbao mlangoni.

Sasa mnisikilize. Nilimdhamini mpwa wangu mkopo, akatoroka, nami nikajikuta nimekaa upande wa pili wa meza ile, katika mapatano, kwa aibu ambayo sitaki kuieleza. Wiki iliyopita, asubuhi, nilifungua mlango nikakuta gauni limekunjwa kizingitini. Lilinikaa mabegani sawasawa. Pindo lake lilikuwa bado na joto la pasi.

Nililivaa nikaenda kulitangaza. Afisa ni binti mdogo, mpole, anaandika haraka.

"Mtoaji ni nani, Mama?"

"Andika Wafula, fundi wa Langas."

Akaniuliza barua ya kuthibitisha itumwe wapi. Nilimpa anwani ya kile kibanda, nikamwambia aisukume chini ya mlango na angoje siku kumi na nne.