Kiganja cha Fundi

Fundi wetu haanzi kwa kuvuta kamba ya kuwashia. Kwanza hufuta kiganja kwenye suruali, kisha hukilaza juu ya injini kama anayempima mtoto homa. Jana alinikagulia jenereta iliyotumika niliyotaka kununua. Umeme hukatika kila siku, na mama hupumua kwa mashine.

"Ndugu yangu, huyu umemwamsha kabla hatujafika," alimwambia muuzaji, kiganja kikiwa juu ya injini.

"Niliijaribu kidogo tu, fundi."

"Ikiwa na joto, hata mbovu huwaka. Tusubiri ipoe." Akageuza ndoo, akaketi, akawa anakwangua grisi kwenye kucha, moja baada ya nyingine. Saa nzima ikapita. Alipoinuka kushika kamba, muuzaji akamwahi.

"Usijichoshe, fundi. Nzima ni ile iliyoko ndani."

Fundi akafuta kiganja upya.