Kijiji Kisichokuwapo

Miaka kumi na miwili Namalwa alifundisha jiografia Kajiado, akiwafinyangisha wanafunzi milima na mito ya udongo. Mwaka wa 2004 alihamia ploti yake Kitengela, akakuta majirani wako tayari kuzungushia ploti zao waya, kuanzia barabarani hadi mtoni. Zikifungwa zote, ng'ombe wa Nalangu, jirani mfugaji, wasingekuwa na njia ya kufikia maji. Mikutano miwili ilikuwa imeishia kwa matusi, na nguzo zilikuwa zichimbiwe Jumatatu.

Jumamosi Namalwa aliwaita uani kwake. "Leo hatuongei mambo ya Kitengela. Tunaunda kijiji ambacho hakipo, na kila mtu ataishi humo kama mtu mwingine."

"Mwalimu, sisi si darasa la nne," alisema Munguti, karani mstaafu.

"Basi utapita haraka. Wewe ni mfugaji." Akampa maharagwe arobaini, ndiyo ng'ombe wake. Nalangu akapewa ploti na vijiti vya ua.

Walichora mto kwa majivu. Jirani mmoja, Obura, akajenga baa; mwingine, Katee, akaongeza kituo cha polisi, "kwa sababu ya hiyo baa." Nalangu alisimika vijiti vyake kwa bidii iliyowashangaza wote.

Kisha Namalwa akatangaza kiangazi. Munguti akasukuma ng'ombe wake kuelekea mtoni, akakuta vijiti kila upande.

"Kumi wamekufa," Namalwa alisema, akiyatia maharagwe kwenye sufuria.

"Ngoja! Napitia hapa kwa Nalangu."

"Hapa ni kwangu, mzee. Niko na hati."

Watu wakaangua kicheko. Kumi wengine wakaingia sufuriani.

"Sasa hawa ng'ombe wapite wapi?" Munguti alifoka, kisha akamgeukia Nalangu. Nalangu alikuwa ameuliza swali hilohilo katika mikutano yote miwili.

Munguti akainama juu ya vijiti. "Kila mtu akiacha hatua tatu huku nyuma, si njia itapatikana?"

"Yangu ni ndogo," Obura alipinga. "Nikitoa tatu, nitalala wapi?"

Walijaribu hivi na vile mpaka Katee, aliyepakana naye kwa nyuma, akavuta vijiti vyake hatua sita, zake na za Obura, na maharagwe yakapita.

Jumatatu Munguti alikuwa wa kwanza kupima, sasa kwenye ploti yake halisi. Moja, mbili, tatu.

"Hizo ni hatua za kuku, mzee," Nalangu alisema. "Rudia."

Akarudi kwenye kigingi cha mpaka, akazitanua hatua zake.