Kiondo cha Gredi ya Tatu

Siku tuliyosuka kiondo, darasani tulikuwa hivi: mwalimu wa gredi ya tatu, ambaye mimi na mama yake tuliimba kwaya moja, mapacha wa mwenye posho mill ya kusaga unga, binti wa pasta wetu, wengine ishirini na watano ambao karibu wote niliwajua tangu wakibebwa mgongoni, na mjukuu wangu, mtoto wa kitinda mimba wangu, aliyeletwa kwangu hapa Kwa Vonza kutoka Emali. Majina ninayo yote. Mwalimu ndiye amesema nisiyaandike, na yeye ndiye aliyesoma.

Mjukuu wangu alikuwa amemaliza mwezi mzima shuleni bila kusema neno. Nyumbani anaongea hadi kuku wanachoka, lakini kule alikula peke yake ukutani. Hilo liliniuma. Basi mwalimu aliponiita nifundishe watoto kusuka, nilienda na mkonge wangu mbio.

Alitaka kiondo kimoja cha darasa zima. Kila mtoto asuke mzunguko mmoja kwa rangi yake, kisha amwonyeshe mwenzake alipoishia. Nikamwambia kiondo ni cha mkono mmoja. Akacheka tu. Mapacha walisema hiyo ni kazi ya wasichana, halafu wakagombana nani aanze. Mjukuu wangu alisuka kijani, akampa binti wa pasta, akamwonyesha kwa kidole. Kwa kidole tu, lakini nilifurahi.

Kilipoisha nikapewa nikakifunge ukingo nyumbani. Jamani, kiondo kile! Kimevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu. Na siku ya wazazi inakuja. Kina mama wa kanisa watasema mkono wangu umekwisha. Nikafumua mizunguko karibu yote, nikaisuka upya, na ile kumi na mmoja iliyopinda nikainyoosha, laini kabisa. Na ule wa kijani ukiwemo.

Jumatatu watoto walikizunguka, kila mmoja akitafuta wake. Kelele zikapungua moja moja. Mjukuu wangu aliuangalia wa kijani, akaniangalia mimi, akarudi ukutani.

Mwalimu hakunigombeza. Alitandika mkeka, akaniita susu, yaani bibi, kama watoto wanavyoniita.

"Susu, keti hapa nasi. Leo wewe ndiye mwanafunzi."

Nikaketi, nikafumua kazi yangu nzuri mbele yao hadi kwenye kijani, nikauliza ulikuwaje. Kisha nikaona miguu ninayoijua imesimama karibu na goti langu.

"Hapo niliruka nyuzi mbili, susu. Ruka."

"Mbili?"

"Mbili. Na usinyooshe."

Darasa likaangua kicheko. Pacha mkubwa akasema susu amerudia gredi ya tatu. Mjukuu wangu akamgeukia, akamwambia yeye aliruka tano na hakuna aliyemcheka. Wakamwangalia kama mtu aliyeingia sasa hivi mlangoni. Binti wa pasta akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka, na saa ya chakula walikula muthokoi pamoja wakibishana.

Kila mtoto alinionyesha wake ulivyokuwa, na sasa kiondo kinaning'inia pale darasani na shavu lake, kimejaa rula. Kutoka chini: nyekundu ya pacha mkubwa, buluu ya mdogo wake, kijani ya mjukuu wangu, njano ya binti wa pasta. Hizo nyingine pia ninazikumbuka. Lakini kama kuna mtoto nimemweka pasipo pake, aje aniambie. Nitafumua pale atakaponionyesha.