Kitabu Kilichoshikiliwa kwa Kadi ya Posho

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa fasi moja. Lakini hata karatasi iliyofungiwa karanga naisoma pande zote mbili. Mdogo wangu wa kike alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Mbarara, maktaba ya chuo chake niliitamani kumzidi.

Ilifungwa saa kumi na moja, saa ileile aliyotoka wodini. Kuazima kitabu kulitaka barua ya mwenyekiti wa mtaa, awe mdhamini. Nikamletea ya mwenyekiti wa kijiji chetu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yenye muhuri.

"Ssebo, bwana wangu, huyu ni mwenyekiti wa wakimbizi," mkutubi akasema. "Kitabu kikikimbilia Kongo, nitakifuata mimi?"

Wanafunzi wakacheka. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Mtihani wa ukunga ulikuwa karibu. Kwa hasira nikatoa kadi ya posho ya nyumba yetu, ambayo mama alinituma nikaitolee kopi mjini, nikaipiga mezani.

"Basi shika hii. Bila hii hatuli."

Akaigeuza, akaitia kwenye droo, akatoa kitabu.

Sikuwaza kwamba posho ingeweza kuletwa mapema. Mama alipanga mstari tangu alfajiri bila kadi, akarudi na gunia tupu.

"Weye! Kadi yangu uliipeleka wapi?"

Nikamwambia.

"Ah, muzuri! Leta hicho kitabu nikiweke mu chungu. Wadogo zako nitawapakulia kurasa ngapi ngapi?"

Ilibaki siku moja ya kugawa chakula. Nikadandia lori la ng'ombe lililopita njia ya Masha, nikafika Mbarara nikinuka samadi. Mdogo wangu alikuwa amenakili nusu ya kitabu kwa mkono. Mtihani ulikuwa baada ya siku tatu. Nikamsihi mkutubi arudishe kadi, amwachie kitabu siku hizo tatu tu, ashike simu yangu.

"Simu si kitambulisho."

Na kadi ya unga ilikuwa nini? Nilitaka kumrukia. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Kaka, acha. Mama ale."

Akasukuma kitabu mezani. Mkutubi akafungua jalada la nyuma agonge muhuri. Kikaratasi cha tarehe kilikuwa na tarehe moja tu: ya mdogo wangu. Hakuna mwingine aliyewahi kukiazima. Akanirudishia kadi, kitabu akakirudisha rafuni.

Mdogo wangu alianguka mtihani huo, akarudia mwaka mzima. Kitabu kilibaki salama.