Jiwe la Gazeti la Vita

Mama mchonga mawe ya makaburi, pale Mwanjelwa, hagusi patasi mpaka jina la marehemu litamkwe mbele yake kwa sauti, hata aje nani. Vidole vimempauka kwa vumbi, na akisikiliza hufumba jicho moja. Leo ofisa wa jiji kaja na maandishi ya jiwe la kumbukumbu ya gazeti lililochapwa mjini wakati wa vita ya Hitla. Akasoma jina la mhariri, mama akashika patasi; kisha ofisa akaendelea, "pamoja na wachapaji wake wanne."

"Hao wanne hawana majina?"

"Yapo, mama. Nafasi ndiyo haitoshi."

Mama akaweka patasi chini, akavuta kigoda, akaketi, akafumba jicho.

"Herufi nitazipunguza ukubwa. Haya, wa kwanza nani?"