Koti la Mwalimu Twiga

"Mtu akipita mbele ya kibanda changu, kabla hajafika kona nimeshajua kifua chake, kiuno chake, na kama mchana alishiba!"

Maneno hayo fundi Jicho aliyatamka akiwa amesimama juu ya kiti, mbele ya watu wazima thelathini waliowahi kusoma naye darasa moja. Walikutana katika ukumbi wa shule yao ya zamani kupanga zawadi ya mwalimu wao wa hesabu, aliyekuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuvuta vumbi la chaki. Wote walikubaliana kumpa koti la kushonwa. Ila Kiranja, ambaye siku hizi anauza misumari na mabati lakini ukiranja haujamtoka, aliuliza swali la maana: koti litashonwaje bila kumpima mtu, na jambo lenyewe ni la siri? Ndipo Jicho akapanda kiti.

"Yule simjui? Mimi?" akajipiga kifua. "Nilikaa dawati la mbele miaka mitatu!"

Hakueleza kwamba dawati la mbele halikuwa tuzo. Waliwekwa pale wale ambao huko nyuma hawakuaminika. Wenzake wakampigia makofi, naye akashuka kitini kwa madaha. Mdomo ulikuwa umeshakiponza kichwa. Kichwa tu ndicho kilikuwa bado hakijapata habari.

"Baba Pacha, nenda ukampime," mkewe alimwambia kesho yake kibandani, akipiga pasi kola ya mteja. "Tafuta kisingizio chochote. Utepe huo hapo ukutani, wala haung'ati."

"Utepe ni fimbo ya kipofu."

"Na majivuno ni ugonjwa wa nani?"

"Mama Pacha, mwalimu yule tulimwita Twiga! Akiingia darasani tulikuwa tunashika pumzi asije akagonga kichwa mlangoni."

Mkewe alinyanyua pasi, akamtazama, akairudisha kwenye kola. Miaka kumi na mitano ya ndoa ilimfundisha kwamba mumewe hasikii mpaka ajikwae.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Jicho hakulisema pale juu ya kiti. Darasa la tatu, sehemu zilimshinda kabisa. Nusu, robo, thumuni, kwake zilikuwa kelele tu za ubaoni. Wenzake walimcheka, naye akajiapiza kwamba shule imemshinda. Siku moja Mwalimu Twiga alimwita mezani, akaondoa vitabu, akavuta kitambaa cha meza yake mwenyewe, kizuri, chenye maua pembeni. Akakikunja. "Hii ni nini?" Mtoto akatazama maua. "Shika mwanangu, hesabu haiishi ubaoni tu. Hii ni nusu. Kunja tena. Robo. Tena. Thumuni, moja ya nane." Kisha akampa mkasi, akamwambia akate. Kitambaa chake! Mtoto akakata, na vilipolala mezani vipande vinane vilivyo sawa, kitu kikafunguka kichwani mwake mithili ya dirisha lililokwama mwaka mzima. Hesabu akaziweza. Na mkasi hakuuacha tena, mpaka leo unamlisha yeye, mkewe na pacha wawili wanaokula kama wanne.

Asante hakuwahi kuisema. Kwanza aliona haya, halafu akahama mtaa, halafu miaka ikawa mingi mno kwa neno dogo namna hiyo. Sasa koti ndilo lingesema. Likimkaa mwalimu vizuri, limesema. Likimkataa, basi atakuwa amekosa hesabu tena, mbele ya darasa lile lile, kwa mwalimu yule yule.

Kwa hiyo alishona kwa siku tisa kama anayemshonea mama mkwe. Kitambaa cha buluu iliyoiva, bitana laini ndani, mifuko minne. Kabla ya kukata alifumba macho, akamwona Twiga amesimama mbele ya ubao, akanyoosha chaki juu ya kitambaa bila kusita. Lilipokamilika, mkewe alilinyanyua, akapanda juu ya stuli, na bado pindo likagusa sakafu.

"Hili ni la mtu mmoja?"

"Subiri umwone."

Siku ya kumuaga ikafika. Saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa, na mlangoni akaingia mwanamke mdogo wa umbo, viatu bapa, mkoba kwapani. Jicho akachungulia nyuma yake kumtafuta Twiga. Watu wote wakasimama.

"Kaeni," akasema yule mwanamke.

Wakakaa, wazee wazima, kama waliokatwa miguu. Sauti ilikuwa ile ile. Mwili ndio ulikuwa unamfikia Jicho begani. Hapo ndipo akakumbuka: mbele ya ubao palikuwa na kijukwaa cha saruji cha kufika magotini, na yeye alikuwa na umri wa miaka tisa, amekaa chini yake, shingo imepinda juu.

"Mama Pacha," akamnong'oneza mkewe aliyekaa kando yake, "nimeshona hema."

"Nilijua tangu niko juu ya stuli."

Akamrukia Kiranja amwambie avute muda, vifungo bado, lolote! Kiranja alikuwa ameshashika kipaza sauti, na Kiranja akishika kipaza sauti hata mvua husubiri. Koti likatolewa. Mwalimu akavalishwa. Mikono ikampita vidole kwa shibiri nzima, pindo likafunika viatu na kutandaa sakafuni, mabega yakaning'inia. Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko.

Mwalimu akatikisa mkono mmoja mpaka vidole vikachomoza. "Nani alipima?"

Jicho akasimama. "Mimi, Mwalimu."

"Ulinipima lini?"

"Nikiwa darasa la tatu."

Ukumbi ukalipuka. Kiranja akaangusha kipaza sauti. Mwalimu peke yake hakucheka, alimtazama sana, kisha akasema taratibu, "Wewe ni yule wa kitambaa cha meza."

"Ndiye mimi. Nimekuja kusema asante, Mwalimu. Imechelewa, na imezidi kipimo."

"Nilikuwa mkubwa hivi?"

"Ulikuwa unazidi mlango."

Sasa akacheka, akacheka mpaka akapangusa macho kwa ule mkono wa ziada. Jicho akaomba alichukue akalipunguze. Mwalimu akalikumbatia.

"Thubutu! Miaka thelathini na minne nimejiona mfupi, leo ndiyo naambiwa ukweli. Usipunguze hata uzi."

Muziki ulipopigwa akacheza nalo, pindo likifagia ukumbi, na Jicho akicheza mbele yake kama mtu aliyepata mia kwa mia.

Juma lililofuata walimu wastaafu wawili walikuja kibandani wakitaka koti la namna ile ile. Jicho akawauliza walifundisha darasa la ngapi. Wa darasa la kwanza akamwongezea urefu kuliko wa darasa la sita. Koti la namna hiyo sasa, kushona tu bila kitambaa, ni shilingi elfu nane.