Mikono ya Arvella Pruitt

Ijumaa alasiri katika hifadhi yetu ya jimbo, watu hutoa viti vya kukunja na kuvipanga vikielekea barabarani, si ziwani. Ziwa wameshaliona. Wanachongoja ni matrela ya wikendi, yale ya watu kulala ndani, hasa ule wakati dereva anapoanza kupiga rivasi kati ya misonobari kuingia kwenye kiwanja chake cha kuegeshea, na mkewe anaposhuka kwenda nyuma kumwongoza kwa mikono. Ndoa nyingi nimezifahamu kwa njia hiyo. Mimi ni mwangalizi wa kambi, kazi isiyo na mshahara ila kiwanja cha bure, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika viti vya mbele.

Aliyeongoza kwa miaka mingi kuliko wote niliowajua ni Arvella Pruitt, mpishi mstaafu wa shule, mwenye miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minane alisimama nyuma ya trela, kwenye mvua na kwenye mbu, macho yake kwenye kioo cha kushoto cha pikapu. Kanuni kila mtu anaijua: usipokiona kioo, dereva hakuoni, na dereva asipoiona mikono yako, anasimama papo hapo. Arvella alikuwa na ishara nne: njoo, kushoto, kulia, simama. Mumewe, Doyle, alikuwa na jibu moja kwa zote nne, nalo lilisikika mpaka ng'ambo ya ziwa.

"Unaniita au unafukuza nzi?" angeuliza, na viti vyote vikacheka. Arvella naye alicheka. Anayechekwa hadharani akanuna huhesabiwa makosa mawili.

Doyle alipostaafu aliamua waiuze nyumba. Karatasi alizileta jikoni mkewe akiwa anakaanga kambare, akamwonyesha pa kutia saini, na mafuta hayakupata nafasi ya kuungua. Tangu hapo, miaka sita sasa, wanaishi ndani ya trela, wiki mbili hifadhi hii na wiki mbili ile, kwa sababu sheria hairuhusu zaidi. Bafu la trela lile ni la mtu kuinama kama anayeomba radhi. Huko mjini Lufkin, Maurine, dada yake Arvella, ni mjane mwenye nyumba ya matofali, na alikuwa amewawekea chumba cha nyuma chenye mlango unaofunga. Alisema atakishikilia mpaka Pasaka, basi. Arvella alikitaka chumba kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alikuwa amekwisha kumwambia Doyle mara nyingi kiasi kwamba Doyle aliacha kusikia.

Msimu wa vuli uliopita, kwenye moto wa kambi, Doyle alitoa jibu mbele yetu sote. "Siku nikishindwa kuliingiza trela hili kiwanjani, nitaliuza kesho yake, na nitakwenda kufia kwa Maurine. Mmesikia nyote?" Tulisikia nyote. Wengine tuliinua glasi.

Januari akapata kiharusi kidogo. Kilimwachia mdomo wote na kumchukulia shingo: haigeuki tena kushoto. Daktari alimwambia aache kuvuta trela, Doyle akabadilisha daktari. Tangu hapo alichojua kuhusu upande wa kushoto wa dunia ni kile tu alichoonyeshwa na mikono ya Arvella kwenye kioo, na bado aliitukana. Anayelishwa kwa kijiko ndiye anayekilaumu zaidi.

Wakaja kwetu wiki moja kabla ya Pasaka. Kiwanja namba kumi na saba, chembamba, msonobari mkubwa kushoto. Viti vilikuwa kumi na kimoja. Wendell Hatch, jirani yao wa siku zote, alikuwa amekaa upande wa kulia wa barabara na chai yake ya barafu, akitoa maoni bure.

Mara mbili Doyle alirudi nyuma vibaya, mara mbili Arvella akamsimamisha na kumrudisha mbele.

"Arvella, mama," Doyle akapaza sauti dirishani, "leo umekuja na mikono au umeisahau kwenye sinki?"

Wendell akamwambia asimchokoze mkewe, atalala nje na rakuni, wale wanyama wezi wa mapipa ya taka. Doyle akageukia kulia, ambako shingo bado inamtii, amjibu. Mguu wake ulikuwa umekwisha kuachia breki.

Nilikuwa upande wa nyuma, nikaona vizuri. Arvella alikuwa akiita, njoo, njoo. Trela lilipobakiza hatua mbili kuufikia msonobari, alikitazama kioo, akaishusha mikono, akaitia kwenye mifuko ya sweta. Kwa kanuni yetu, dereva yeyote angesimama hapo. Doyle alikuwa katikati ya hadithi ya rakuni.

Sauti haikuwa kubwa, kama mtu mnene kukalia kikapu. Ukuta wa nyuma ukaingia ndani, dirisha la chumba cha kulala likamwagika, na msonobari ukachunika gome urefu wa mtoto.

Doyle akashuka, akazunguka, akatazama. Arvella hakutoa mikono mifukoni.

"Umeshindwa, Doyle," akasema taratibu. "Uliapa mbele ya watu, na watu ndio hawa. Liuze."

"Nimeshindwa mimi?" Doyle akatugeukia. "Jamani, mikono yake ilikuwa wapi?"

Wendell akamgeukia Arvella, akasema, "Ilikuwa mifukoni, shemeji. Siwezi kusema uongo."

"Na mtu asipoiona mikono hufanya nini, Wendell?" Arvella akauliza.

"Husimama," Wendell akakiri. "Lakini Doyle alikuwa anaongea na mimi."

Wote wakatikisa vichwa kukubali, maana huo ulikuwa udhuru kamili.

Mti wa hifadhi ukiumizwa, mwangalizi hujaza fomu ya askari wa hifadhi, na fomu ina mstari mmoja wa sababu. Niliijaza juu ya boneti la pikapu. Doyle alisimama begani kwangu. Ndiye aliyenitengenezea pampu ya maji misimu mitatu mfululizo.

"Miaka tisa umetutazama," Arvella akaniambia. "Andika ulichokiona."

Nikaandika: Mwongozaji hakutoa ishara ya kusimama. Ni kweli, neno kwa neno. Doyle akasoma, akanipiga bega, kisha akawasomea wenye viti. Mmoja alisema maskini, umri huo, na hakuwa anamsema Doyle.

Jumamosi asubuhi Maurine akapiga simu kuuliza kama wanakuja, kwa kuwa mpiga kinanda wa kanisa alikuwa anatafuta chumba. Arvella aliongea naye akiwa amesimama juu ya vipande vya dirisha lake. Alimwambia ampe mpiga kinanda.

Nje, Doyle alikuwa ameshapata ubao wa kuziba ukuta, akamwita aje kuushika. Alikwenda.

"Juu kidogo," Doyle akasema, misumari mdomoni. "Kidogo tena. Hapo hapo, usitingishike."

Akaushika kwa mikono yote miwili, na Doyle akaanza kugongelea.